Diski ya Tarishi

Machi 4
Mvua imeingia leo bila hodi. Nimeziba madirisha ya chumba cha nyuma kwa plastiki, maana mawili hayafungi, na mdogo wangu analala humo. Ni wiki ya tatu sasa tangu mwenye nyumba wake amlete kwenye teksi, upande wa kulia umekufa, mdomo umekwenda upande, neno hata moja halitoki. Walishusha mgonjwa, begi la nguo na boksi la diski za kompyuta. Mke hana, mtoto hana. Ana mimi, dada yake, ambaye sijamsemesha kwa miaka thelathini na sita.

Daktari anasema kiharusi kingine kikija kitamaliza, na haoni kama mgonjwa atavuka msimu huu wa mvua. Hili ni daftari langu, sina wa kumfichia: nataka akiri kabla hajafa. Nataka nimwekee ushahidi mbele ya macho, naye akubali kwamba aliuza kazi yetu kwa siri akatudanganya kwamba ameifuta. Ndiyo maana leo nimelifungua boksi.

Machi 5
Mvua. Nimemlisha, nimemgeuza, nimefua mashuka.

Machi 7
Diski ni thelathini na moja, zile pana nyembamba za kompyuta zilizokuwa zikichomekwa kwenye televisheni ya nyumbani. Nyingi zina kuvu jeupe. Nilipozipanga kitandani pake azione, alianza kuhema na kuupigapiga mkono wake mzima, wa kushoto, juu ya godoro. Nikajisemea, haya, dhamiri hiyo inapiga ngoma.

Niandike habari yenyewe, isije ikasemwa nimetia chumvi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, yeye ishirini. Baba aliuza cherehani ya mama ili tupate kompyuta, na mama alikwenda kukaa jikoni. Mwaka mzima tulitengeneza mchezo ukiitwa Tarishi. Tarishi amebeba faili, anazunguka ofisi arobaini akitafuta sahihi moja, na kila bosi anamwambia arudi kesho. Mimi nilichora ramani ya vyumba kwenye karatasi za hesabu. Yeye aliandika programu, mstari kwa mstari. Mfanyabiashara mmoja wa kaseti na diski aliuona kipande, akacheka mpaka akafuta machozi, akasema atakuja siku fulani kuchukua mchezo wote aupeleke ukanakiliwe. Siku hiyo alikuja, akakaribishwa kwenye kiti cha baba. Mdogo wangu akawasha mashine. Diski haikuwa na Tarishi. Alikodolea kioo macho muda mrefu, kisha akageuka akasema, "Nimeifuta mimi, baba. Kwa bahati mbaya."

Nakala nyingine haikuwepo. Diski zilikuwa adimu, tulikuwa tukiandika kipya juu ya cha zamani. Baba alimfukuza mbele ya mgeni. Miezi miwili baadaye nikamwona anafagia duka la yule yule mfanyabiashara. Mimi si mjinga. Nani anampa kazi mtu aliyemharibia biashara? Ni yule aliyeuziwa mali kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia baba, nikawaambia ndugu wote. Tangu hapo jina lake kwetu likawa mwizi.

Machi 8
Mvua haikukatika. Nguo hazikauki.

Machi 11
Fundi redio wa barabara ya pili ameniazima mashine ya kusomea diski, na kijisanduku cha kuiunganisha na kompyuta yangu. Kwanza alinitania kwamba mashine hizi siku hizi zinafaa kuegeshea mlango. Kisha akaniusia nisisome diski yenye kuvu kabla ya kuiosha, na kila baada ya diski nifute kichwa cha mashine, kile kinachogusa diski, kwa spiriti. Nikamwambia nilikuwa nafuta vichwa vya mashine yeye akinyonya. Miaka thelathini nimekaa chumba cha kompyuta, nianze kufundishwa leo?

Machi 12
Nimeharibu diski mbili. Ya kwanza ilionekana safi, nikaisoma bila kuiosha, ikatoa mlio wa kisu kwenye sahani. Kuvu liling'ang'ania kichwa cha mashine, nami kwa haraka zangu nikaingiza ya pili bila kufuta. Nilipoitoa ina mkwaruzo wa duara, unga wa kahawia umebanduka, ukiielekeza kwenye taa unaona ng'ambo. Humo ndani mlikuwa na kitu na sasa hamna, na hakuna wa kumlaumu. Nimekwenda kuomba radhi kwa fundi, na yeye, kwa uungwana wake, hakucheka.

Machi 14
Muuguzi anayekuja kumtazama amenifundisha kusema naye. Unampa vidole viwili katika ule mkono mzima. Akibana, ndiyo. Asipobana, hapana. Nikamuuliza kama ana kiu, akabana. Nikamuuliza kama ananijua mimi ni nani, akabana sana.

Lililonijaa mdomoni sikulitoa. Bila ushahidi atasema hapana, nami nitakuwa nimepoteza risasi yangu.

Machi 19
Sasa nafanya kwa adabu. Nakata ganda la diski upande mmoja kwa wembe, natoa ile sahani nyembamba, naiosha kwenye beseni kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni, naipangusa kwa pamba, naianika ndani juu ya kamba. Ikikauka naivalisha ganda jipya, naisoma, nafuta kichwa. Diski mbili kwa siku, tatu nikibahatika. Kwa unyevu huu hata kukauka ni dua.

Kamba nimeifunga chumbani kwake kwa kuwa ndiko kwenye jiko la mkaa la kumpasha joto. Mchana naliweka karibu na mlango ulio wazi. Analala anazitazama. Muuguzi ameuliza kama ninaanika dagaa weusi.

Machi 20
Mbili. Tupu.

Machi 21
Moja. Orodha ya namba za simu za watu ambao nusu yao tumeshawazika.

Machi 27
Shangazi amekuja, ndiye mkubwa pekee tuliyebaki naye. Amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, hajaingia. Amemwangalia mtoto wa kaka yake dakika nzima, kisha akasema, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akaondoka kwenda kukaa sebuleni.

Nimemfuata. Nimemwambia asiseme vile, mgonjwa anasikia. Akanishangaa. Akasema hayo ni maneno yangu mwenyewe, niliyatamka kwenye matanga ya baba, mdogo wangu alipokuja akasimama nje ya ua na hakuna aliyemkaribisha. Sikumbuki kuyasema. Namkumbuka tu amesimama pale na koti limelowa.

Aprili 1
Diski ya kumi na nane imefunguka vizuri, na imenivuruga.

Ni Tarishi, lakini siyo ile. Ni mwanzo wa Tarishi ulioandikwa upya. Mdogo wangu alikuwa na tabia ya kuacha maneno katikati ya programu, ya kujikumbusha, na mashine huyaruka. Ameandika: "Mara ya tatu naanza. Nimefika chumba cha 9. Ramani alichora dada. Milango siikumbuki."

Nimekaa na sentensi hiyo mpaka chai ikapoa. Ramani nilizichoma mimi, wiki aliyofukuzwa, kwa hasira. Lakini mtu aliyeuza mchezo mzima anauandika tena wa nini? Mara tatu? Anakaa peke yake kwenye chumba cha kupanga akijilazimisha kukumbuka milango?

Labda aliuza akajuta.

Aprili 2
Nimemuuliza kama chakula kimezidi chumvi. Akabana. Kweli kilizidi.

Aprili 4
Diski ya ishirini: mara ya nne anaanza. Anafika chumba cha 7.

Aprili 5
Diski ya ishirini na moja: mara ya tano. Chumba cha 4. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo anavyosahau. Nimezima mashine.

Aprili 8
Daktari amepita. Kifua kina maji. Nimgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, mchana na usiku, na nisimlaze chali. Nimenunua saa ya kengele.

Nilipokuwa nambadilisha shati nimeona bega lake lina kovu la kubeba mizigo, gumu kama soli. Sikujua kama aliwahi kubeba mizigo. Sikuwahi kuuliza alikuwa anaishije. Nilikuwa na jibu tayari.

Aprili 13
Imebaki moja. Ilikuwa chini kabisa, imefungwa plastiki mbili na nailoni juu. Hati yake ya ujana: TARISHI. USO A. USIGUSE. Hii ndiyo diski ya siku ile. Nimeiosha kama ninavyoosha uso wa mtoto. Inakauka. Mdogo wangu haiondolei macho.

Aprili 14
Nitaandika yote.

Diski zile ziliuzwa za kuandikwa uso mmoja. Sisi kwa umaskini wetu tulizitoboa pengo la pili pembeni, kwa kitoboleo cha karatasi, ili uzigeuze na kuandika na uso wa nyuma. Uso A ulikuwa wake, wa Tarishi. Uso B alinipa mimi, wa mambo yangu. Pengo likiwa wazi, mashine inaandika. Ukiliziba kwa stika, mashine inakataa. Pengo la uso A alikuwa ameliziba.

Leo nimeusoma uso A. Nilitegemea kukuta diski tupu, au alama kwamba mchezo ulinakiliwa ukapelekwa kwingine. Nimekuta jina la diski limeandikwa BARUA ZANGU, na chini yake faili moja tu: MAOMBI.

Nimelifungua. Ni barua ya kuomba nafasi chuoni, mafunzo ya kuendesha kompyuta. Tarehe ni ya siku moja kabla mgeni hajaja. Sahihi ni yangu. Katika aya ya pili nimeandika kwamba mimi ni mtu mwangalifu na mwaminifu katika kazi.

Nikakumbuka. Ilikuwa alasiri, yeye hayupo, na siku ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa kesho yake. Niliingiza diski, nikaamuru mashine ihifadhi, ikakataa. Nikaitoa, nikaona stika imeziba pengo. Nikadhani ameziba uso wangu kwa uchoyo, ili asiniachie nafasi. Kila mara tulikuwa tunagombania nafasi. Nikaibandua kwa ukucha. Nakumbuka gundi ilivyobaki chini ya ukucha. Sikugeuza diski kuangalia ni uso upi. Nikairudisha ilivyokuwa, na ili nisihangaike na takataka zake nikatoa amri ya kufuta orodha nzima, ile ya haraka, nikaipa diski jina langu, nikahifadhi barua, nikachapa, nikaenda posta.

Nikapata chuo. Nikapata kazi, nyumba hii, pensheni.

Kesho yake aliwasha mashine mbele ya mgeni, akaona jina BARUA ZANGU, akaona faili langu. Alichokikodolea macho ni hicho. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha baba, sioni kioo. Baba alikuwa ameshasema mara mia kwamba chuo cha msichana ni kupoteza wakati. Angejua, majibu ya barua ile yangechomwa nami ningeolewa kabla mwaka haujaisha. Mdogo wangu aligeuka akasema ni yeye.

Yule mfanyabiashara huenda alimpa ufagio kwa huruma tu, nami nikamlipa mdogo wangu kwa kumwita mwizi.

Aprili 15
Mvua. Sijamwambia.

Aprili 16
Mvua. Nilikusudia kumwambia baada ya uji. Alilala.

Aprili 17
Sijamwambia.

Aprili 18
Nilimpa vidole, nikamuuliza kama ana baridi.

Aprili 20
Nimejipa kazi ili nisimwambie, najijua. Ile amri ya haraka inafuta orodha tu, na mwili wa mchezo hubaki palepale mpaka uandike juu yake. Barua yangu ni fupi, ukurasa mmoja. Kwa hiyo Tarishi karibu yote imo, ila enzi zile hatukuwa na njia ya kuiokota. Ninaiokota kipande kwa kipande na kuiunganisha. Nimejiambia nitamwambia siku nitakayokuwa na kitu cha kumpa, nisiende mikono mitupu.

Fundi amekuja kunisaidia kuunganisha. Nilitaka kumsimulia yeye kwanza, kwa majaribio, ati. Nikaona nilivyo mwoga, nikanyamaza. Amesema, "Mama, huyu aliyeandika hii alikuwa hatari. Kwa mashine ndogo vile?" Nikamwonyesha kwa kidole mlango wa chumba cha nyuma. Akaenda kumwamkia, akamshika mkono, akamwita mwalimu. Mimi sijawahi kumsifu hata siku moja.

Aprili 23
Tarishi inatembea. Kofia yake, faili lake, mwendo wake wa kuchoka. Bosi wa chumba cha kwanza anamwambia arudi kesho. Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka peke yangu.

Nimecheza mpaka chumba cha thelathini na moja. Hapo ndipo ilipokaa barua yangu. Mashine inasoma herufi zangu kana kwamba ni kuta na milango, na chumba kizima ni vurugu: vipande vya ukuta hewani, milango juu ya milango. Tarishi anaingia, anakwama, kila kitu kinasimama. Vyumba tisa vilivyobaki havifikiki. Nimejaribu kukichora tena chumba kile. Milango siikumbuki hata mimi.

Aprili 24
Muuguzi anasema mapafu yanajaa. Siku, si wiki. Hakunizungusha.

Nimempigia shangazi simu. Nimemwambia aje kesho asubuhi, hata kwa mvua.

Aprili 25
Shangazi alifika saa tatu. Safari hii nilimshika mkono nikamwingiza mpaka ndani, nikamketisha upande wa miguuni. Kompyuta nilikuwa nimeiweka kwenye kiti, Tarishi amesimama chumba cha kwanza. Mdogo wangu aliitazama. Jicho lake lilimfuata tarishi kila nilipomsogeza, kutoka chumba hadi chumba, na nilipofika cha thelathini na moja nikaachia kitufe.

Nikasema yote. Stika, amri, barua, posta. Nikasema kwamba hakuiba wala hakufuta, mwenye kufuta ni mimi, na mwenye kumpaka matope ni mimi. Mara mbili nilianza upya ili nisiruke kitu.

Shangazi akasema polepole, "Mwanangu, sasa mimi nikamwambie nani? Waliomwita mwizi wote nimewazika. Baba yenu amekufa na neno hilo mdomoni."

Nikamgeukia mdogo wangu, nikamwekea vidole viwili mkononi.

"Ulijua ni mimi?"

Akabana.

"Tangu siku ile ile?"

Akabana.

Nikamwambia kwamba ningejua, naapa, ningesema mbele ya baba. Hapo hakubana. Alinitazama tu, na mimi nikajisikia nilivyo, maana hata mimi siamini kama ningesema. Basi nikaacha kujitetea. Nikapiga magoti, magoti haya mabovu, uso wangu ukawa sawa na wake.

"Mdogo wangu, nisamehe."

Alivuta pumzi, ikakoroma. Kisha akautoa mkono wake. Aliutoa polepole kwa shida, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka vidole vyangu vikabaki peke yavyo juu ya shuka. Akauweka mkono kifuani pake, akageuza uso ukutani.

Nilibaki pale chini. Shangazi aliinamisha kichwa, hakuniambia pole. Mvua ilikuwa imepungua, nikasikia watu wakipita barabarani wanazungumza mambo yao.

Kengele ya saa ikalia. Ilikuwa saa nne, wakati wa kumgeuza. Nikainuka, nikamshika bega na nyonga, shangazi akavuta shuka kwa upande wa pili, tukamgeuza. Hakupinga. Nikamnyoosha mto, nikatega kengele ya saa sita.